Siti Iliyoshuka Kila Asubuhi

Isome taratibu hata kama una sufuria jikoni, kisha mtumie mwenzako mmoja.

Luhende alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mke wake, Minza, alikuwa amekwenda kujifungulia kwa dada yake, ng'ambo ya mto, na habari zikaja kwamba amepata mtoto wa kike, wa kwanza. Luhende alikuwa bado hajamwona. Mvua ilikuwa imebeba daraja, magari hayapiti, ila baiskeli mtu angeweza kuivusha begani. Bahati nzuri sikukuu iliangukia Jumatatu, akapata nafasi ya kwenda na kurudi. Baada ya hapo kiwandani hakuna ruhusa tena.

Wiki nzima aliiandaa baiskeli. Akapaka mnyororo grisi, akakaza spoki, akaziba pancha. Mwisho akapandisha siti ilingane na miguu yake mirefu, akaikaza kwa spana.

Asubuhi akaikuta imeshuka chini kabisa.

Akadhani hakukaza vizuri. Akaipandisha tena, akakaza mpaka kiganja kikamuuma. Kesho yake ikawa imeshuka vilevile. Na kwenye matairi kulikuwa na udongo mwekundu wa uwanja wa mpira, mahali ambapo yeye hakuwa amepita.

Luhende akakaa kizingitini akiitazama. Mwizi gani huyu anayeiba na kurudisha? Na kwa nini aipanguse? Maana madigadi yaling'aa kuliko alivyoyaacha.

Akamkumbuka Makoye, jirani yake. Makoye alikuwa mfupi, na alikuwa na spana kama ile.

"Makoye, unachukua baiskeli yangu?"

"Mimi nina yangu."

"Yako iko kwa fundi."

Makoye akawatazama kuku wake. "Basi labda siti imechoka kukubeba, bwana."

"Ikiharibika, simwoni mwanangu. Usinisalimie tena."

Makoye akaendelea kuwamwagia kuku wake mtama.

Pembeni, Bi Nkwimba, mama yake Minza, aliyekuwa akikaa nao, alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. Kwa mila zao, mama mkwe na mkwewe hawasemeshani ana kwa ana, wala hawaketi pamoja, sembuse kupakiana kwenye baiskeli.

Alfajiri ya Jumamosi Luhende akafunga kifurushi cha nguo za mtoto, akatoka nje. Baiskeli haipo.

Akakimbia mpaka uwanja wa mpira. Hapo akasimama, hakuyaamini macho yake.

Bi Nkwimba alikuwa anaendesha, siti imeshushwa chini, kanga kaifunga kiunoni, anazunguka magoli. Makoye anakimbia nyuma yake, kashika keria, anahema.

Bi Nkwimba alipomwona mkwewe akashuka, akageuza uso pembeni.

"Makoye, mwambie mkwe wangu anisamehe. Niliendesha nikiwa msichana. Nilitaka kujua kama miguu bado inakumbuka, nikamwone mjukuu wangu."

"Anasema umsamehe," alisema Makoye, ingawa Luhende alikuwa hatua chache tu kutoka pale.

"Nimesikia. Muulize kwa nini hakuniambia."

Bi Nkwimba akajibu polepole, "Mwambie, ningemwambia kupitia nani? Minza ndiye aliyekuwa mdomo wetu."

Luhende akalifikiria hilo. Tangu Minza aondoke, mwanamke huyu alikuwa akimpikia na kumfulia, na hakuna aliyemuuliza anataka nini.

"Na wewe Makoye, kwa nini uliniacha nikushuku?"

"Aliniomba nisiseme mpaka aweze. Angeshindwa, hakutaka uende safari na huzuni yake." Makoye akafuta jasho. "Yangu imetoka kwa fundi jana. Nimeitia matairi mapya, siti nimeishusha ifae miguu yake. Aichukue. Mbuzi wenu nitawalisha mimi."

Luhende akamshika Makoye kwa mikono miwili. Wakaenda kuitoa ile baiskeli ya pili. Luhende akaikagua breki mwenyewe, akajaza upepo, akafunga kile kifurushi cha nguo za mtoto kwenye keria ya baiskeli hiyo. Ndipo akapandisha siti ya kwake.

"Mwambie mama atangulie. Nitamfuata kwa mwendo wake."

Kabla Makoye hajafungua mdomo, Bi Nkwimba alikuwa ameshapiga kengele na kuanza kukanyaga pedali.

Funzo: Ukiona jambo usilolielewa nyumbani kwako, usiharakishe kutafuta mkosaji, tazama kwanza ni nani ana shida na hana wa kumsemea.