Kitanzi Alichokiruka Raudha

Inasimuliwa, na aliyenisimulia alikuwa mtu wa kuapa kwa kila neno, kwamba katika zama zilizopita, katika mji wa Sirajia wenye milango ya shaba na bustani za makomamanga, alitawala sultani kijana jina lake Najmudini bin Ghalibu, naye alirithi kwa marehemu baba yake kiti cha enzi, na waziri, na jini. Kiti kilimkaa vizuri. Waziri, jina lake Barkuki, alikuwa mtu wa maneno mengi na huruma haba, na mambo yote ya mji aliyaendesha yeye, na Sultani akatikisa kichwa tu kukubali. Na jini, aliyeitwa Dimshiri, alikuwa amefungwa katika ua wa kasri, kwa maana nguvu zake zote zilikuwa katika mkono wa kulia, na mkono huo ulitiwa mnyororo, na kwa mkono wa kushoto akabebeshwa mawe ya kujenga mnara ambao hakuna aliyejua ni wa kazi gani. Ukimwuliza Barkuki, angekwambia ni kwa ajili ya heshima ya dola, na jibu la namna hiyo ukilisikia ujue hata mwenyewe hajui.

Basi nyuma ya soko la viungo aliishi binti jina lake Raudha binti Mahfudhi, yatima, fundi wa kufuma kwa kulabu. Kulabu yake ilikuwa ya mfupa, ameachiwa na mama yake, na kwa hiyo alifuma kofia na mapazia na vitambaa vya kufunikia sinia, akivuta kitanzi ndani ya kitanzi, mzunguko juu ya mzunguko, na kazi yake ikapendwa hata na watu wasiopenda kulipa.

Na Raudha hakuwa na ndugu wala jamaa, ila alikuwa na kobe wawili. Wa kwanza Bwana Taratibu, kobe mzee aliyelelewa na mama yake tangu Raudha hajazaliwa. Wa pili Bi Haraka, mdogo kama bakuli, mtundu, mwizi wa madonge ya uzi, akishika ncha mdomoni na kuliburura donge chini ya kitanda mpaka nyumba nzima imezungukwa. Kila asubuhi Raudha aliwapa mchicha na maganda ya tikiti, na siku za baridi aliwavika vazi la kufuma juu ya gamba, la Taratibu la kijani lenye matamvua, la Haraka jekundu. Jirani yake alikuwa akichungulia dirishani na kusema, "Raudha wee, kobe wako wana nguo kuliko mume wangu!" Naye hujibu, "Na wana adabu kuliko mumeo, shoga." Wakacheka, na siku ikaenda.

Na katika ufundi huo palikuwa na desturi, ambayo mafundi wa Sirajia wamepokezana mama kwa binti. Katika kila kazi fundi huruka kitanzi kimoja, kimoja tu, pale mzunguko wa mwisho unapoanza, na mahali pake pakabaki kitundu. Mama yake alimwambia, "Kazi isiyo na kasoro ni ya Mola peke yake, mwanangu. Wewe ruka kimoja, ujue wewe ni nani." Na Raudha hajawahi kufuma kitu pasipo kukiruka hicho kimoja.

Ikawa mnyororo wa jini ukaliwa na kutu, na kila siku pete moja ikawa nyembamba kuliko jana, na mafundi wa chuma wakiunga pete mpya nayo ikavunjika. Hofu ikaingia mjini, watu wakafunga maduka, na wenye ngamia wakahama. Waziri akamwita mnajimu, na mnajimu akatazama falaki yake, akasema, "Kila kilichoungwa kitaachana pale kilipoungwa. Mnyororo una maungo, na kamba ina nyuzi nyingi, na nguo ya mfumaji ina nyuzi za kwenda na nyuzi za kukatiza. Mkono wa Dimshiri utashikwa na mfuko wa uzi mmoja tu, usiokatwa wala kuungwa, uliojishika wenyewe kwa wenyewe toka mwanzo hadi mwisho."

Barkuki akarudi kwake kula chakula, na alipoinua kitambaa kilichofunika sinia akakiangalia, akaona kimefumwa kwa uzi mmoja tu, kitanzi ndani ya kitanzi, na mkono wake ukabaki hewani. Chakula kikapoa. Asubuhi yake askari walikuwa mlangoni kwa Raudha.

Alipofikishwa uani akainama mbele ya Sultani Najmudini, na waziri akamweleza anachotakiwa. Raudha akamtazama yule jini, aliyekuwa ameketi kama kilima, mnyororo umemla kifundo cha mkono mpaka nyama imeonekana, na moyo wake ukakataa.

"Ewe Maulana, Mola akuzidishie umri," akasema. "Mimi ufundi wangu ni wa kufunika chakula nzi wasiguse, na wa kumpa mzee joto kichwani. Sikufundishwa kufunga kiumbe. Niwie radhi, kazi hii siiwezi."

Sultani akamtazama waziri. Waziri hakukasirika, na hapo ndipo ungepaswa kuogopa. Akauliza kwa upole, "Binti huyu ana nani?" Na askari mmoja, ambaye Mola anamjua, akajibu, "Ana kobe."

Wakaletwa wote wawili ndani ya kikapu. Waziri mwenyewe akamshika Bwana Taratibu na kumlaza chali juu ya mawe ya ua, mahali jua linapopiga, chini kidogo ya kiti cha Sultani, karibu hata pindo la joho likagusa gamba. Bi Haraka akalazwa pembeni yake. Na asiyejua kobe aambiwe: kobe mzee akilazwa chali hawezi kujigeuza, na uzito wa matumbo humwelemea pumzi, na jua humalizia. Ni kifo cha polepole, na hana sauti ya kulia.

"Utakapomaliza mfuko, nitawageuza," akasema Barkuki. "Ukichelewa, ni juu yako."

Raudha akapiga magoti, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, na asione haya. Kisha akatoa kulabu ya mama yake, akapewa donge la uzi uliosokotwa bila kuungwa, akaanza.

Na alifuma siku hiyo upesi kuliko alivyowahi kufuma. Vidole vilikwenda huku na huku, na macho yake hayakuwa kwenye uzi, yalikuwa kwa Taratibu, ambaye miguu yake ilipiga hewa, ikapumzika, ikapiga tena. Bi Haraka, kwa kuwa ni mdogo, alichomeka kichwa katika ufa wa mawe, akasukuma, akajigeuza, na akaanza kutembea! Moyo wa Raudha ukaruka. Askari akainama, akamlaza tena chali, na wenzake wakacheka.

Pete ya mnyororo ikakatika, ikaanguka juu ya mawe, na kila mtu uani akarudi nyuma.

"Fanya upesi!" akafoka waziri.

Naye jini akainamisha kichwa mpaka pumzi yake ikamfikia Raudha, moto kama mlango wa tanuri, na akasema kwa sauti ya chini, "Ewe binti wa Adamu, unajua unafuma nini?"

"Najua."

"Gereza langu, kwa sababu ya kobe?"

Raudha asinyanyue macho. "Nisamehe," akasema. "Wewe una miaka elfu mbele yako. Yule hamalizi alasiri hii. Na hana mwingine ila mimi."

Jini akamtazama yule kobe. Pete nyingine ikakatika. Ikabaki moja tu nyembamba, na wapishi wakakimbia, na mnajimu akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni nyumbani.

Mfuko ukakua, mpana kama mlango, na Raudha akafika mzunguko wa mwisho. Hapo kulabu ikasimama. Mfuko usio na kasoro ungemshika Dimshiri milele. Ukiwa na kitundu, na waziri akakiona, kobe wake watakufa mbele ya macho yake. Na waziri asipokiona, na jini akakiona, huenda mji mzima ukaangamia kabla ya sala ya magharibi, naye akiwamo. Miguu ya Taratibu ilikuwa haijapiga hewa kitambo. Wanaosimulia wanagombana hapa, wengine husema alitafakari sana, na wengine husema mkono ulikwenda wenyewe. Mimi nasema hivi tu: kulabu ikaruka kitanzi kimoja, ikaendelea, na mfuko ukaisha.

Barkuki akauchukua, akaupapasa ndani na nje, akauinua kwenye jua. Waziri akapitisha kidole ukingoni, kikapita pale penye kitundu, kikasita, kikaendelea. Basi akauvika mkono wa kulia wa jini, akaukaza, na papo hapo pete ya mwisho ikakatika na mnyororo ukaanguka chini, na jini asiweze kuinua hata bega. Askari wakashangilia.

"Bwana Waziri," akasema Raudha, "wageuze."

Barkuki akakung'uta mikono. "Kuna mkono wa kushoto pia," akasema, "na kuna majini wengine duniani. Fundi mwenye machungu hufuma upesi, nimeona leo. Waacheni hapo hapo."

Raudha akapiga ukelele, akawakimbilia, na askari wakamshika mikono. Akajirusha, wakamwangusha. Na akiwa chini, uso juu ya mawe ya moto, akainua macho kwa Sultani na kusema, "Maulana! Yuko miguuni pako! Nyoosha mkono tu, Maulana, nyoosha mkono!"

Na Sultani Najmudini akamtazama kobe, na uso wake ukabadilika rangi, na mkono wake ukatoka kidogo juu ya goti. Kisha akamtazama waziri. Na mkono ukarudi.

Hapo kitu kikasogea juu ya mawe. Kutoka mfuko wa uzi, mahali palipokosa kitanzi, kilikuwa kimetoka kidole kimoja cha jini, cheusi, kirefu, chenye ukucha kama jembe. Kila mtu alikiona. Kidole kikatambaa mpaka kwa Bwana Taratibu, kikaingia chini ya gamba lake taratibu mno, kikamgeuza. Kisha kikamgeuza Bi Haraka. Na baada ya hapo kikajikunja, kikainasa ncha ya uzi, kikavuta.

Wanaojua kufuma wanajua kilichofuata. Uzi ukakimbia, mzunguko kwa mzunguko, na mfuko ukafumuka wote, na Dimshiri akasimama mpaka kivuli chake kikaufunika mnara. Askari wakaanguka kifudifudi. Sultani akaanguka chini kutoka kitini. Raudha peke yake hakumtazama jini. Alikuwa ametambaa hadi kwa Taratibu, amevua mtandio wake, ameuchovya katika birika la kutawadhia, na alikuwa akimkamulia maji juu ya gamba na kumwita jina.

"Ewe binti," jini akasema, na madirisha ya kasri yakatikisika. "Ulikiacha kitundu kwa ajili yangu? Sema kweli, maana kwa jibu lako nitaamua juu ya mji huu."

Wote wakamkodolea macho, na macho yao yalikuwa yakimwomba aseme ndiyo, ndiyo, kwa ajili yako ewe mkuu wa majini. Raudha akapangusa pua kwa kiganja.

"Hapana," akasema. "Ndivyo tunavyofuma. Nilikuwa nikimwaza kobe wangu tu, sikukuwaza wewe. Nilipaswa, na ninaona aibu."

Kisha Dimshiri akacheka, na vumbi likaanguka kutoka mnarani. "Ungesema ndiyo, ningeubomoa mji huu wote," akasema. "Nilikutazama kutwa, na macho yako hayakuondoka kwa yule mnyama hata mara moja. Kwa muda wote niliofungwa sikuona uani hapa mtu anayempenda yeyote kiasi hicho."

Akaupuliza ule uzi uliofumuka, ukajizungusha ukawa donge miguuni pa Raudha, na donge hilo halikwisha maisha, hata lifumwe vipi. Na jini akamlaza Barkuki chali juu ya mawe yale yale kwa ncha ya kidole, na waziri akapiga hewa kwa mikono na miguu asiweze kujigeuza, na hakuna aliyemsaidia mpaka jua lilipotua. Kisha jini akaruka, na hakuonekana tena Sirajia.

Na Taratibu? Alikuwa amejifungia ndani, kimya, na Raudha akakaa naye kivulini akimkamulia maji, na Bi Haraka akimzunguka, na alasiri yote ikapita hivyo, mpaka ncha ya pua ikatoka, na baada yake jicho moja, lenye hasira. Raudha akalia kwa sauti.

Siku zikapita, na Sultani akamfukuza Barkuki, akamwita Raudha barazani, akashuka kitini na kusema, "Ewe Raudha, umeuokoa ufalme wangu. Nakuomba uwe mke wangu na malkia wa Sirajia."

Raudha akainama kwa heshima. "Maulana, umenitukuza. Lakini siku ile jini alikuwa amefungwa, na mimi nimeshikwa, na kobe wangu alikuwa akifa chini ya mkono wako. Ulikuwa karibu kuliko sote, na ulikuwa huru kuliko sote. Siwezi kulala nyumba moja na mkono ule."

Wakuu wakangoja kusikia kichwa chake kikihukumiwa. Sultani akasimama, akakitazama kiganja chake, akasema, "Umesema haki," akamruhusu aende.

Na tangu siku hiyo Najmudini akaacha kutikisa kichwa. Mnara akaubomoa, na kwa mawe yake wagonjwa na wasafiri wakajengewa nyumba, naye akiyabeba pamoja na vibarua hadi ngozi ya mikono ikamtoka. Na nyumba ilipokwisha, akaenda nyuma ya soko la viungo kwa miguu, peke yake, akabisha hodi. Raudha, ambaye wakati huo alikuwa tajiri wa uzi na mwalimu wa mabinti wengi, akafungua, akamtazama, kisha akamwambia, "Nionyeshe mikono." Akaionyesha. Raudha akaishika, akaigeuza, akakagua kila kidole kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi.

"Haya, ingia," akasema. "Lakini angalia unapokanyaga, Haraka ametandaza uzi nyumba nzima."

Wakaoana, na mji ukala pilau. Na mwenye kusoma hekaya hii asimhurumie jini wala asimcheke sana waziri, bali ajiulize siku hiyo yeye angekuwa ameketi wapi, na mkono wake ungefika mpaka wapi, na kama angeunyoosha.