Mchezaji wa Nyasi Aliyekwenda Jangwani

Mtu mmoja alikuwa na vikombe kumi na viwili vya gofu katika kabati la sebuleni, na hakuna hata kimoja alichokitwaa bila kuusogeza mpira kidogo kwa ncha ya kiatu. Jina lake lilikuwa Obadia Chirchir, mwenyekiti wa klabu moja katika nchi ya majani chai, tena mzee wa kanisa. Hakujiona mdanganyifu. Alijiona mtu anayeisaidia bahati inapochelewa. Kwao mvua haikatiki, nyasi ni ndefu, na nyasi ni msiri mwema: ukizikanyaga zinalala, ukipita zinainuka, na hakuna ajuaye mguu wako ulifanya nini.

Mwaka mmoja klabu yake ilialikwa kushindania ngao katika kiwanja kilichoko jangwani, mbali kaskazini. Obadia akaenda yeye mwenyewe, maana hakumwamini mwingine.

Kiwanja kile hakikuwa na jani. Kilikuwa mchanga, mawe meusi na miiba, mashimo kumi na manane, na pale ambapo kwingine pangekuwa na nyasi laini kuzunguka shimo, wenyeji walikuwa wamemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili usipeperuke. Kila mchezaji alipewa kipande cha zulia la kijani, kama cha kupangusia miguu mlangoni. Mpira ukitua mchangani, unatandika zulia lako, unauweka juu yake, unapiga. Lakini ukiingia miibani au kwenye mawe, hakuna zulia. Unaupiga ulipolala, hata kama umelala pabaya.

Mshindani wake alikuwa Sista Qabale, mkunga wa zahanati ya pale, mama wa makamo aliyecheza na kandambili za matairi. Mbeba mikoba yao ya fimbo alikuwa Galgallo, mtu mzima aliyekuwa ametumia miaka thelathini kutafuta ngamia waliopotea. Kwenye shimo la kwanza tu aliinama, akatazama chini, akasema, "Huyu aliyepita asubuhi ni jike, ana mimba, na jicho la kushoto halioni. Amekula upande wa kulia tu." Obadia akacheka. Akauliza kama ngamia huyo alikuwa amepiga kura pia. Galgallo akajibu kwa upole kwamba hilo halionekani kwenye nyayo.

Jua likapanda. Obadia aliteseka. Mpira wake mmoja uligonga jiwe ukarudi nyuma yake, mwingine ukamezwa na mchanga hadi ukafukuliwa kwa fimbo kama muhogo. Sista Qabale alipiga mapigo mafupi mafupi, yaliyonyooka, huku akimweleza habari za mapacha aliowazalisha alfajiri. Hata hivyo Obadia alikuwa mchezaji hodari kweli, na walipomaliza shimo la kumi na nne walikuwa sawasawa kwa mashimo waliyoshinda.

Kwenye la kumi na tano mpira wake ulipinda, ukaruka mwamba, ukapotelea nyuma yake.

"Bakini hapo," akasema. "Nitautafuta mwenyewe, msichoke."

Akaukuta chini ya kichaka cha miiba, umebanwa kati ya mawe mawili. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu, hata ndege. Basi mguu wake, ambao kwa miaka mingi haukungoja tena amri, ukafanya kazi yake. Mpira ukatoka ukabingirika hadi peupe.

Ndipo alipotazama chini. Kutoka kichakani hadi kwenye mpira palikuwa na mstari mmoja, safi, kama njia ya nyoka, na mwanzoni mwake alama ya kiatu chenye meno, iliyozama zaidi kwenye kidole gumba. Hata mtoto wa chekechea angeisoma.

Obadia akakata tawi, akafagia mstari ule. Ukafutika, lakini sasa pale jangwani palikuwa na kiwanja kilichofagiwa vizuri, kama ua wa nyumba inayongoja wakwe. Akazifagia na nyayo za kufagia. Kila alipofagia alikanyaga, na kila alipokanyaga alifagia, akirudi kinyumenyume, jasho likimtiririka, mpaka makalio yake yakafika kwenye kichaka kabla yake. Alitaka kupiga kelele. Akakumbuka alikuwa ametafuta siri, akaumeza uchungu. Akaomba upepo. Ilikuwa sala yake ya kweli kuliko zote za mwaka ule.

Upepo haukuja. Walikuja Sista Qabale na Galgallo.

Wakasimama. Wakatazama. Macho ya Galgallo yalitoka kichakani, yakaenda polepole hadi kwenye tawi, yakaenda hadi kwenye mpira, kisha yakapanda hadi kwenye suruali ya mwenyekiti, yakatua hapo kwa muda.

"Umeupata?" akauliza Sista.

"Nimeupata. Ulikuwa hapa peupe."

"Haya, piga basi."

Akapiga. Halikutoka pigo zuri kama lile siku ile yote, naye akalishinda shimo. Wala hawakumwambia neno. Na hilo ndilo lililomtesa, kwani kelele angezijibu. Alikuwa na majibu tayari, mengine ya Kiingereza. Kunyamaza kwao hakukuwa na mahali pa kushika. Alitembea akigeuka nyuma kila hatua, akiona viatu vyake vimepigwa chapa njia nzima, vikimfuata. Shimo la kumi na sita likamshinda. La kumi na saba wakatoka sare. Wakafika la mwisho tena wakiwa sawasawa, na mpira wake ukatua shubiri moja kutoka shimoni. Bibi kikongwe angeuingiza kwa mkongojo, na ngao ingekuwa yake.

Hapo, saa kumi alasiri, upepo wa jangwani ukaja kama unavyokuja kila siku. Ukapita juu ya kiwanja kizima ukivuta mchanga kama shuka. Ulipotulia, Obadia alitazama nyuma, na hapakuwa na alama yoyote, ya kwake wala ya ngamia. Alikuwa amesalimika. Alingoja furaha ije. Haikuja.

Akamsogelea Galgallo, akamnong'oneza, "Kule miibani, uliona nini?"

"Nilichokiona mimi, upepo umekifuta," akasema Galgallo. "Ulichokiona wewe, Mwenyekiti, sijui nani atakufutia."

Obadia akaurudia mpira wake. Kisha akainama, akauokota, akautia mfukoni, akamnyooshea Sista Qabale mkono. "Shimo la kumi na tano ni lako," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliusogeza kwa mguu."

Sista akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. "Tulikuwa tunakungoja," akasema. "Galgallo alisema hutafika la kumi na saba bila kusema. Mimi nilisema utafika, maana mimba nyingine hukawia."

Jioni ile Obadia hakuketi mezani na wenzake. Alilala kifudifudi kwenye kitanda cha zahanati, mwenyekiti wa klabu na mzee wa kanisa, huku mkunga akimng'oa miiba mmoja mmoja, na Galgallo akishika taa na kuonyesha alipobakia mwingine. Kila mwiba ulipotoka, Obadia alitaja mashindano mengine ya zamani, mwaka wake, na jina la mtu aliyestahili kushinda. Hawakumuuliza. Mara alianza kucheka katikati ya maumivu, wakacheka naye, hata wagonjwa waliokuwa barazani wakauliza nani amejifungua.

Ndugu zangu, wengi wetu tunasifiwa kwa unyofu, na huenda tunastahili. Lakini jiulize, wewe na moyo wako tu: unyofu huo ni wako, au ni wa ardhi unayoikanyaga?