Rangi Juu ya Dizeli

Kaeni chini. Wewe wa mlangoni nawe kaa, pikipiki yako haiibiwi hapa kanisani. Sikilizeni, maana leo nimekasirika na sitajifanya sijakasirika.

Kulikuwa na baba mmoja mwenye tela, lile lenye kitanda na jiko ndani, gari linalivuta, watalii wanalala humo. Bodi safi, ila bampa na madigadi, yale ya kufunika magurudumu, ni za plastiki, na jua lilishazipausha zikawa nyeupe kama magoti yasiyoona mafuta. Wageni wakija anafanyaje? Si mnajua wenyewe! Anachovya kitambaa kwenye dizeli, anafuta, zinarudi nyeusi tii, zinang'aa. Kesho zimepauka tena. Miaka yote hivyo.

Binti yake akapata mchumba. Baba akasema maharusi wataenda fungate na tela hilo, wakwe waone. Akaita fundi rangi.

Fundi akapitisha kidole, akanusa. "Mzee, hii plastiki imekunywa dizeli. Tuioshe na sabuni, tupige msasa, tufute na spiriti, tuweke praima yake ya kushikisha, ndo rangi."

"Wee, harusi kesho! Nimeita fundi au mganga wa kuniagiza madawa? Piga rangi!"

"Haitashika, mzee."

"Ishike mpaka watoke getini. Inatosha."

Na fundi naye akapiga! Akafunga makopo yake, akaondoka.

Kesho yake, jua la mchana, vigelegele. Shangazi wa bwana harusi kachoka kucheza, akakalia madigadi. Kuinuka, rangi imebanduka kama ganda la kitunguu, yote iko kwenye gauni lake jeupe. Muziki ukazimwa. Shangazi akajigeuza, akajitazama nyuma, akasema kwa sauti, "Haya, mkwe! Tela mmelipaka rangi. Na binti je, mmempaka nini?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi akajifunika uso kwa shela.

Jamani, yeye ndiye aliyepaka? Yeye ndiye aliyekataa sabuni? Mbona aibu imemwangukia yeye?

Ndo sisi hao! Kuna baba humu anampiga mkewe. Tunajua, kuta za mtaa wetu ni nyembamba. Tukafanyaje? Tukamvalisha suti, tukampa maiki atoe ushuhuda, tukapiga makofi. Nani alimkalisha chini akamuuliza? Nani alimpeleka akapige magoti mbele ya mkewe? Hakuna! Hiyo kazi inachubua, sisi tunataka kanisa ling'ae wageni wakija. Halafu akirudia, tunamgeukia nani? Mama! "Kwani ulimuudhi nini mumeo?" Acheni hizo! Mungu anaona chini ya rangi, na watoto wa baba huyo wanaona pia.

Mama huyo simtaji. Kavumilia vya kutosha, na sisi tumemchekea vya kutosha. Ila jioni hii akigonga mlango wako, mtoto mgongoni, jicho limevimba, na huku nyuma mumewe anakuja kakunja mikono ya shati, wewe uliyekaa hapo utafanya nini?