Mwenye Mashine ya Alizeti na Mpiga Debe Wake

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kukamua alizeti kando ya mnada wa kila wiki. Jina lake Msengi. Mafuta yake yalikuwa safi, lakini watu walipita wakanunua kwingine. Akamwajiri Lukindo, mtu mwenye ulimi mwepesi, akamjengea jukwaa mlangoni na kumpa kipaza sauti.

Siku ya kwanza Lukindo aliyasifu mafuta. Wachache walisimama. Mnada wa pili aliwacheka wanawake wa Mlimani, wale wale walioleta alizeti kwa kichwa: akasema wananuka moshi, na mbuzi wao wanaoga kuliko waume zao. Umati ukajaa. Madumu yakaisha kabla ya adhuhuri. Tangu hapo, kila Lukindo aliposhika kipaza sauti, Msengi aliizima mashine, maana ngurumo yake ilimeza maneno. Waliolalamika aliwaambia kwamba yeye anauza mafuta tu, mdomo una mwenyewe. Lukindo naye alisema ni utani.

Mnada mmoja Lukindo alimtaja binti wa Bi Nghale, mjane wa Mlimani. Alitaja na jina la baba yake, ili asije akadhaniwa mwingine. Akasema madereva wa malori wanamjua kuliko mama yake anavyomjua. Watu walicheka. Kesho yake wazee waliokuwa wamepeleka posa kwa binti huyo wakatuma neno kwamba wanasita kidogo.

Wiki iliyofuata Bi Nghale alishuka na wanawake wenzake, mikono mitupu. Watu wakafanya njia, wakidhani anamwendea Lukindo. Alimpita kama mtu anavyopita nguzo, akaingia ndani kwa Msengi.

Msengi aliinuka upesi. "Pole sana, mama. Kumbe ndiyo anayoyasema? Mimi huku ndani huwa sisikii."

"Mashine ulikuwa unamzimia nani, baba?"

Bi Nghale akamwambia anachotaka: jina la mwanawe lisafishwe pale pale lilipochafuliwa, na alisafishe aliyelipia. Kisha akaondoka.

Lukindo alifukuzwa saa ile ile, na watu wakamsifu Msengi kwa kuchukua hatua. Haikupita wiki, Lukindo alikuwa mlangoni kwa muuza magodoro, akiendelea alipoishia. Msengi alidhani yamekwisha. Lakini Mlimani hakuna aliyeshusha gunia la alizeti. Alituma salamu, akatuma sukari, akatuma mpatanishi. Sukari ilirudishwa ikiwa imefungwa vile vile.

Mnada wa tatu tangu amfukuze Lukindo, hapakuwa na cha kukamua. Msengi akapanda jukwaani mwenyewe. Hakuyataja mafuta. Alimtaja binti kwa jina, akasema yaliyonenwa juu yake ni uongo, na kwamba uongo ule ulisemwa kwa mshahara wake yeye, naye akiusikia. Wazee wa posa walikuwa wamesimama mbele, maana Bi Nghale alikuwa akiwaita kila mnada. Siku ile walipanda na mjane Mlimani kumaliza mazungumzo ya posa.

Kumfukuza mpiga debe kulimchukua Msengi dakika moja. Kukiri kulimchukua minada mitatu. Nanyi mnaowalisha wenye vinywa, mko mnada wa ngapi?