Pini ya Winchi ya Sware

“Mzigo hauulizi udogo wa pini.” Mmeisikia huko gereji mkarudi mnacheka. Mimi siwezi kucheka, wajukuu zangu, maana ilitanguliwa na maiti, na maiti huyo alikuwa mume wangu. Kaeni niwaambie ilivyoanza.

Sware alikuwa mchimba visima hapa Singida. Alishuka na kupanda kwa winchi ya mkono, kazi ya kaka yake, fundi Mughwai. Mpini wa kuzungushia ulishikwa kwenye gogo la kamba na pini moja, nene kama kidole cha mtoto. Uzito wote ulikuwa hapo.

Mwaka wa ukame, mpini na pini vikawa vimelika. Mughwai alibakiwa na kipande kimoja cha ekseli ya lori, chuma kisichokatika ovyo. Akakifanya mpini, kwa sababu ndio watu wanaouona na kuusifu. Pini akaikata kwenye nondo ya kujengea.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepeleka uji. Sware akaigonga pini kwa nyundo, akasikiliza.

“Kaka, hii ni ekseli?”

“Nondo. Kadude kama hako nikapotezee chuma kizuri?”

“Basi shuka wewe kwanza, kama desturi yetu. Aliyetengeneza ndiye hushuka.”

“Watu wana kiu, Sware. Leo huniamini?”

Watu walikuwa wamejaa pale na madumu yao. Mdogo mtu hambishii kaka yake hadharani. Sware akamaliza uji, akanirudishia kibuyu, akashuka.

Alifika chini salama, akachimba hadi adhuhuri. Wakati wa kumpandisha, karibu kabisa na mdomo wa kisima, pini ikakatika. Mpini ukabaki mikononi mwa Mughwai, mzima, haujapinda hata kidogo. Gogo likazunguka lenyewe mpaka kamba ikaisha.

Msibani wazee walimfariji: “Ni kapini tu, Mughwai. Nani angejua?”

Akafungua kiganja. Vipande viwili vya nondo vilikuwa humo.

“Sware alijua,” akasema. Kisha akanigeukia mimi. “Shemeji, mzigo hauulizi udogo wa pini.”

Nilimchukia miaka mingi, sitawaficha. Lakini tangu hapo kila winchi aliyoitengeneza alishuka nayo mwenyewe kwanza, hata alipozeeka na magoti kumkataa. Nami nilikuwa nikienda kusimama pale juu, nimekishika kibuyu kile, mpaka atoke.

Sasa rudini gereji mkaseme vizuri: mzigo hauulizi udogo wa pini.