Fomu Iliyoamkia Watu

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, viti havina miiba. Na ninyi wawili wa pale dirishani, hayo mnayonong'onezana nayajua tangu juzi, tena mmeyapata nusu tu. Tukitoka hapa nitawamalizia. Sasa tegeni masikio.

Alikuwepo mama mmoja mjane, mdarizi wa foronya. Tumwite Mama Lusajo, na msianze kuhesabu akina Mama Lusajo mnaowajua, jina nimelibuni mwenyewe. Foronya zake zilikuwa zile za maharusi, kitambaa cheupe, maua pembeni, katikati maneno matamu ambayo mbele ya mchungaji siwezi kuyasoma. Mtaani walisema bibi harusi akiingia chumbani bila foronya za Mama Lusajo, ndoa haijakolea.

Huyu mama alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Lusajo mwenyewe. Na Lusajo hakuwepo. Mwaka wa tisa huo.

Mnataka kujua walikosania nini, nawaona macho. Haya. Mama alimchagulia mchumba, binti wa mwenzake wa kwaya, akapeleka barua ya posa na kitambaa chake cheupe, watu wakala wakashiba. Kijana akarudi kutoka kazini akasema, "Mama, mimi nina wangu." Aibu iliyomkuta yule mama! Alikuwa akipita sokoni anaona kama hata nyanya zinamcheka. Siku hiyo alisimama mlangoni pake, mlango wa rangi ya buluu, akamwambia mwanawe: "Toka. Na usiniamkie tena. Popote utakaponiona, shikamoo yako usinipe."

Kijana akatoka. Alikuwa mtoto mtiifu, na utii wake ndio uliomponza mama. Alitii kweli. Baadaye mama akaibiwa simu mnadani, namba ya mwanawe ikaenda na mwizi, na mama akapata namba nyingine. Hapo uzi ukakatika kabisa.

Lakini hebu fikirini adhabu ya mtu huyu. Kila asubuhi, jirani akichota maji, "Mama Lusajo, umeamkaje?" Muuza mkaa, "Mama Lusajo, nikupimie debe?" Kanisani, dukani, msibani, Lusajo, Lusajo, Lusajo. Jina la mwanawe lilikuwa midomoni mwa watu wote, na mwenyewe hakuna aliyejua yuko wapi. Jioni alikuwa akikaa na sindano yake, anadarizi majina ya watoto wa wenzake wanaooana, anajiuliza, na wangu, nani alimdarizia?

Sasa pale mtaani alikuwepo dada mmoja mwenye steshenari, anachapa barua, anatoa fotokopi, mtoto mgongoni, kompyuta mbele. Siku moja Mama Lusajo akamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia unatengeneza tovuti."

"Natengeneza. Unataka foronya zionekane dunia nzima?"

"Eeh. Biashara."

Biashara! Wapendwa, mimi uzee huu umenifundisha kitu kimoja, mwanamke akisema neno moja tu, yale mengine ameyameza. Dada wa steshenari akapiga picha za foronya, akazipanga vizuri. Mama akasema na yeye apigwe picha, lakini si studio. Alitaka amesimama mlangoni pake, mlango wa buluu uonekane wote mpaka kitasa. Dada akamuuliza atie namba ya simu, akakataa: "Wazee wa mjini watanisumbua, na bado ninapendeza." Basi wakaweka fomu ya mawasiliano. Mnaijua? Ni visanduku chini ya ukurasa, mtu anaandika jina, anaandika ujumbe, anabonyeza "Tuma", na kwa mama simu inalia ting!

Watu wote walidhani ile fomu ni ya wateja. Ilikuwa ya mtu mmoja.

Siku ya pili tu, ting! Mama akaacha sindano kwenye kitambaa, moyo ukampanda kooni. Akafungua. Dawa ya kupunguza tumbo. Ting! Matairi ya trekta. Ting! Jenerali mmoja mfiwa wa nchi sijui ipi, anataka mke mcha Mungu amwachie urithi. Wiki ya tatu zikawa zinaingia arobaini kwa siku, na kila moja ilimnyanyua kitini, kila moja ikamrudisha. Siku nyingine alikuwa akisoma dawa ya tumbo mpaka mwisho kabisa, labda chini kabisa kuna jina.

Akamrudia dada wa steshenari, amekonda.

"Mwanangu, ni watu gani hawa wasiolala?"

"Si watu, mama. Ni programu. Zinazunguka tovuti zote ulimwenguni, zikikuta kisanduku zinajaza. Ndizo tunaita barua taka."

"Hazina hata haya?"

"Haya zitaitoa wapi?"

"Basi weka ulinzi."

Dada akaweka ule wa picha tisa, chagua zenye taa za barabarani. Kesho yake mama mmoja wa bibi harusi akaja mguu kwa mguu kutoka ng'ambo ya reli, anahema: "Mama Lusajo, mimi nataka foronya nne, wewe unanipa mtihani wa polisi wa barabarani?" Ukaondolewa.

"Tutumie swali lako mwenyewe," dada akasema. "Kitu ambacho mtu wa kwetu anakijibu bila kufikiri, mashine ya ugenini haikijui."

Mama Lusajo akacheka, na siku nyingi alikuwa hajacheka. "Andika *Shikamoo*. Asiyejua kuitikia marahaba hana shughuli na mimi."

Dada akasita, vidole juu ya kompyuta. "Lakini mama, picha yako ipo hapo juu. Watoto wadogo watakuja kuagiza. Wewe uwaamkie?"

"Inayoamkia ni fomu, si mimi. Andika! Na akikosea mara tatu, mfungie mpaka kesho."

Ikaandikwa. Na wapendwa, kimya kilichokuja! Simu ikatulia. Mabinti wa mjini walikuwa wakiona picha ya mama wa watu anawaamkia, wanacheka, wanaandika "Marahaba", wanaagiza. Yule jenerali alikuwa mtu wa kweli kumbe, tapeli wa mtaa wa tatu, naye akaandika "Marahaba" bila kupepesa jicho, na akaingia. Ila mashine zote zilibaki nje. Mama akawa anadarizi kwa amani, moyo haupandi tena, haushuki tena. Alimwambia kila mtu, "Nimepumzika." Usiku alikuwa akiisikiliza ile simu isivyolia.

Mnamwona? Hakuna mwizi aliyekuwa akimwibia kitu. Alichoka kutumaini. Ulinzi ule aliuweka dhidi ya moyo wake mwenyewe kuruka bure.

Miezi ikapita, nusu mwaka kama si zaidi. Siku ya Alhamisi mchana akapita steshenari kuchapa kadi, akamkuta dada amefungua ukurasa wake anausafisha.

"Mama, hebu kaa. Unajua humu kuna orodha ya waliokataliwa?"

"Soma, tucheke."

Dada akasoma. Herufi za kigeni zisizosomeka. "Ndiyo." "Habari njema." Namba tupu. Mwingine kaandika "Bei gani?" Wakacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Kisha dada akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma basi."

"Huyu kaandika... 'Shikamoo mama.'"

"Mjinga huyo. Kaamkiwa, naye anaamkia."

"Amekosea, akarudia. 'Shikamoo mama.' Mara ya tatu, 'Shikamoo mama.' Akafungiwa. Kesho yake tena, mara tatu. Keshokutwa mara tatu." Dada akashusha kidole kwenye kioo taratibu. "Siku kumi na moja, mama. Hakosi hata moja."

Kadi zilimponyoka Mama Lusajo, zikaanguka magotini.

"La mwisho ni refu kidogo."

"Soma."

"'Shikamoo mama. Hilo neno unalolitaka ninalijua. Siwezi kukuandikia wewe.'"

Wapendwa, nani kati yenu hajaelewa? Mgeni atamwitikia mama yule. Mteja atamwitikia. Tapeli atamwitikia na kujifuta mdomo. Kuna mtu mmoja tu chini ya jua ambaye hawezi kumwandikia mwanamke yule "Marahaba", na huyo ni aliyetoka tumboni mwake akafundishwa naye adabu. Alimwona mama mlangoni, kwenye mlango ule ule wa buluu, anamwamkia! Angemwitikiaje mama yake? Mkono wake ungekubali? Akaandika lile alilokatazwa kulisema miaka tisa. Na mlango ukamkatalia mara ya pili.

"Namba yake iko wapi?" mama akauliza.

"Haipo, mama. Anayekataliwa getini, ujumbe wake hauhifadhiwi. Linabaki lile jibu tu."

"Ni lini hiyo?"

"Februari."

Na huo ulikuwa mwezi wa sita. Mama Lusajo akamvuta dada kiganja cha mkono, akakiweka juu ya kompyuta, kama mtu anayeweka mkono wa mtoto kwenye paji la mgonjwa. "Hebu nionyeshe mahali alipoandika." Dada akamwonyesha. Mama akapitisha kidole juu ya kioo, kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia, jinsi anavyopapasa uzi kuona kama umekaza.

"Ondoa lile swali," akasema.

"Nikiondoa, takataka zitarudi zote. Mara mbili ya zile za mwanzo."

"Zirudi."

"Utashinda unafuta, mama."

"Nitafuta. Nitazisoma moja moja na nitafuta moja moja. Ondoa."

Dada akaondoa. Juu ya fomu pakabaki patupu, peupe.

"Hapa tuandike nini? 'Karibu, wasiliana nasi'?"

Mama akapatazama pale peupe muda mrefu. Mteja wa fotokopi alisimama mlangoni, akaona uso wake, akarudi alikotoka.

"Andika *Marahaba, mwanangu*."

"Lakini mama, mtu ataikuta kabla hajakuamkia."

"Ameniamkia mara thelathini na tatu. Andika."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mtu akifungua ukurasa ule anakuta mlango wa buluu, mama amesimama, na chini yake jibu linalosubiri salamu.

Sasa mnaniangalia. Mnataka kujua kama aliandika, kama alikuja, alikuja na mke yupi na mke mwenyewe yukoje. Ninyi mnapenda umbea kuliko mimi! Sikilizeni ninachokijua. Simu inalia ting siku nzima. Dawa za tumbo, matairi ya trekta, jenerali amerudi na salamu za mapenzi. Mama anaacha sindano, moyo unapanda, anafungua, anasoma mpaka mstari wa mwisho, anafuta, anaokota sindano. Wanamwambia, "Mama Lusajo, unajitesa." Anajibu, "Nilipopumzika ndipo nilipompoteza."

Sisi je? Tusijidanganye. Sisi sote tuna fomu zetu. Tuliumizwa, tukachoka, tukaweka swali mlangoni: aje kwanza apige magoti, atume wazee, aseme neno fulani kwa namna fulani mbele ya fulani. Na ukikaa ukatazama, wanaolipita swali letu ni akina nani? Ni wale wenye ulimi mwepesi. Hao tumewakaribisha, tunakunywa nao chai. Yule mwenye haya, yule anayetuheshimu mpaka kalamu inamtetemeka, ndiye tumemfungia nje. Halafu tunawaambia watu tumepumzika!

Na Mungu tunayemwomba kila siku, ametuuliza nini mlangoni pake? Takataka ngapi tumemtumia? Maombi ya kujionyesha, ahadi za mwaka mpya, viapo vya siku tulipougua. Anazisoma zote mpaka mstari wa mwisho, anatafuta kama humo ndani kuna sauti ya mtoto wake. Hakusubiri tumwamkie vizuri. Tulikuta ameshaitikia.

Mama, baba, wewe unayejua jina la mtu wako na unalisikia kila siku kwenye midomo ya wengine. Leo ukifika nyumbani, usikae kusubiri shikamoo yake. Huenda ameshaitoa mara nyingi, mahali ambapo hukuangalia. Wewe itikia.