Kiti cha Uvivu na Ngata

Wahenga walisema kwenda bure si kukaa bure, huenda ukaokota. Wapo wanaodhani hiyo ni methali ya wazururaji. Na wasikilize.

Kiwanda cha nguo kilipouzwa na wafanyakazi kufukuzwa kama kuku mpungani, Yunusi alibakiwa na fahari moja: kumtunza mama yake. Alimshusha kutoka milimani, juu ya Mkuyuni, akamkalisha Mwembesongo, mjini, kwenye kiti cha uvivu.

"Umebeba ndizi kichwani maisha yako yote, mama. Pumzika."

Bi Mwanahawa akapumzika, na akili ikapumzika naye. Akatia chumvi kwenye chai. Akamwita Yunusi kwa jina la kaka yake marehemu. Miguu ikakonda kama mirija.

Soko huria nalo likapanda mlima. Tajiri mmoja alidai shamba la ukoo, ambalo kwa mila lingerithiwa na binti wa Bi Mwanahawa, Furaha, dada yake Yunusi. Aliyeijua mipaka yake alikuwa yule bibi wa kitini peke yake, na wazee wa kijiji wangekuja kuikagua baada ya masika.

Furaha alimwendea Devotha, muuguzi wa zahanati.

"Msuli si kamba ya kubebea mzigo tu," Devotha alisema. "Ukifanya kazi, unaulisha ubongo. Mtembezeni."

Yunusi akaja juu. "Majirani watasema nimemfanya mama hamali!"

"Afadhali waseme hamali kuliko marehemu," Furaha alimjibu.

Akasokota ngata ya kanga, akamtwika mama kifurushi cha kuni kichwani, wakawa wanazunguka mtaa kila asubuhi.

"Shikamoo bibi! Safari ya wapi?" vijana wa kijiweni walimtania.

"Marahaba. Siendi kokote. Kwani ninyi hapo mmekaa kwa faida gani?"

Masika yalipokwisha, Bi Mwanahawa alipanda mlima kwa miguu yake, akitweta kila kona, Furaha na Yunusi wakimfuata. Tajiri akaonyesha masale, mimea ya kuwekea mpaka, mabichi, udongo wake bado mwekundu. Bibi akacheka.

"Haya yamepandwa juzi. Ya mama yangu yako ng'ambo ya kijito, nyuma ya jiwe lenye ufa."

Wazee wakavuka. Wakayakuta, mizizi imelikumbatia jiwe. Tajiri akanywea kama kifaranga aliyenyeshewa, na Furaha akashusha pumzi aliyoibana tangu masika.

Bibi akageuka. "Yunusi mwanangu, mbona umesimama kama mlingoti? Niokotee ngata yangu, tushuke."

Yunusi aliinama upesi, machozi yasionekane. Jina lake! Mama hakuwa amerudi ujanani, lakini alikuwa amerudi nyumbani. Hakika, kwenda bure si kukaa bure, huenda ukaokota.